Begi la Mke wa Pancha

Msomaji, wapo walioniandikia wiki nzima wakinilaumu kwamba nimewaacha pabaya. Poleni. Lakini aliyeachwa pabaya zaidi ni Pancha, ambaye tangu wiki iliyopita amepiga magoti sebuleni kwake, mbele ya kamera mbili na watu kumi na wanane, begi limefunguka sakafuni, na mkononi ameshika tiketi ya basi.

Tumsaidie kusimama.

Kwa aliyejiunga leo: Pancha ni mchekeshaji. Miaka ishirini na mitano watu wamemcheka akianguka. Sasa magoti yamechoka, kazi zimekauka, na imepatikana filamu moja ya vichekesho, labda ya mwisho, inaitwa Pancha Mwenyewe. Ndani yake Pancha anamwigiza Pancha. Inapigwa nyumbani kwake, kwenye makochi yake, na mkewe anaigizwa na dada mmoja ambaye kikosi kizima kinamwita Mke wa Kamera. Mke wa kweli ameambiwa akae jikoni na asigonganishe sufuria.

Onyesho la siku ile lilikuwa jepesi. Mama mzazi wa Pancha kaugua, mke mkorofi hataki kuuguza, anabeba begi, anakimbia. Pancha analing'ang'ania begi. Begi linafunguka. Watu wanacheka.

Begi la filamu lilijazwa magazeti ya zamani kwa ajili ya uzito. Hili lililofunguka halikuwa na gazeti hata moja.

Lilikuwa na gauni la bluu. Kandambili. Chupa ya dawa za presha. Sweta lenye kifungo kimoja cha rangi tofauti na vingine. Na tiketi ya abiria mmoja, kwenda tu, leo hii, saa kumi jioni.

Kifungo kile Pancha alikijua. Kilitoka kwenye shati lake.

"Unaduwaa nini?" Mke wa Kamera alimfokea, akifuata maneno yaliyoandikwa. "Mama ni wako! Hakunizaa mimi!"

Hapo Pancha alitakiwa ajibu, "Nenda, lakini sufuria uziache!" Ndicho kichekesho chenyewe.

Badala yake aliokota gauni la bluu, akalikunja vibaya kama wanaume wanavyokunja, akalirudisha ndani ya begi. Akaokota kandambili moja. Akaitafuta nyingine.

Nyuma ya taa mtu mmoja alicheka. Mwingine akamfuata. Wakajiziba midomo.

"Kata!"

Mwongozaji aliruka kutoka kwenye kiti chake. Ni mtu mnene, mwenye macho ya kukosa usingizi, na hilo lilikuwa jambo la kwanza kumfurahisha tangu Jumatatu.

"Safi sana! Hayo ya kukunja nguo umeyatoa wapi? Hayamo kwenye karatasi!"

"Hizi ni nguo za mke wangu," Pancha alisema.

"Ndiyo maana yake. Mke wako anakimbia."

"Mke wangu wa kweli."

Watu wakatazamana. Mtunza vifaa akakohoa. Aliombwa begi la kahawia chumbani, akaeleza, akakuta mabegi mawili ya kahawia, moja juu ya kabati na moja chini ya kitanda. Akachukua la chini kwa sababu lilikuwa karibu.

"Nilijua ni hilohilo," alisema. "Nani ana mabegi mawili yamejaa ndani ya nyumba moja?"

Pancha aliinama kukusanya nguo.

"Usiguse!"

Sauti hiyo ilikuwa ya Daftari. Daftari ni dada mwembamba, kazi yake ni kukumbuka. Ukishika kikombe kwa mkono wa kushoto asubuhi, yeye ndiye anayehakikisha unakishika kwa mkono wa kushoto jioni, ili mtazamaji asije akaona mkono umehama. Anaandika kila kitu na anapiga picha kila kitu, na hapendwi na mtu.

Alishapiga picha sita. "Sweta juu ya dawa," alisoma, "kandambili ya kulia imelala kifudifudi, ya kushoto haijapatikana. Bosi, bado hatujalipiga onyesho hili kutoka upande wa pili. Begi halitoki humu mpaka tumalize."

"Halitoki," mwongozaji alikubali.

"Linatoka," ilisema sauti nyingine.

Mke wa Pancha alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Amevaa viatu vya safari. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha mumewe. Mke mwenye hasira unamtuliza. Mke aliyechoka unamtuliza na nini?

"Samahanini," alisema. "Naomba begi langu. Nina basi."

"Mama," Daftari akajibu kwa adabu, "gauni la bluu limeshaonekana."

"Limeonekana na nani?"

"Na kamera. Likishaonekana na kamera si lako tena, ni la filamu. Ukiondoka nalo, upande huu gauni lipo, upande ule gauni halipo. Watazamaji watasema begi limeingia jini."

"Basi nipe dawa tu."

"Na dawa imeonekana."

Mke wa Pancha aliangalia saa ya ukutani. Saa ile haikumsaidia, maana Daftari alikuwa ameisimamisha tangu siku ya kwanza ili muda usiende. Siku tatu nzima ndani ya nyumba ile ilikuwa saa nne na robo.

"Sasa hivi ni saa saba," mwongozaji alisema kwa upole. "Mama, nipe mpaka saa tisa na nusu. Begi nitakubebea mwenyewe mpaka kituoni."

Mama wa watu akavuta kiti, akakaa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, msomaji. Mwanamke aliamua kumwacha mumewe, akashindwa kuondoka kwa sababu filamu ya kumwonyesha akiondoka ilikuwa haijamalizika. Mhariri wangu anasema hapa nicheke kidogo. Nimemwambia aanze yeye.

Sasa lazima niwaambie kilichompa mwanamke huyu viatu vya safari.

Mama mzazi wa Pancha aliugua miaka sita. Kitandani, humu humu ndani, chumba cha nyuma. Kumgeuza, kumwosha, kumlisha kwa kijiko, kubadilisha mashuka mara tatu kwa siku. Aliyefanya hayo yote ni mkwe wake. Pancha alikuwa kwenye maonyesho, mji huu wiki hii, mji ule wiki ile, na hata alipokuwa hana onyesho alikuwa na kikao. Mama alifariki miaka miwili iliyopita.

Mwandishi wa filamu alipokuja kuchukua maisha ya Pancha, Pancha aliyasimulia mwenyewe kwa wiki tatu. Akatia chumvi. Kwenye filamu, aliyeacha kazi na kumuuguza mama ni yeye. Na kwa kuwa vichekesho vinahitaji mkorofi, mke akapewa begi akimbie.

Pancha alisoma kila ukurasa akaweka sahihi. Mkewe alisoma ukurasa mmoja tu, jana yake, aliokuta umesahauliwa juu ya friji. Ukurasa wenyewe ndio ule wa begi.

"Tunapanga taa!" mpiga picha aliita. "Nataka Pancha na mkewe kwenye alama zao."

Mke wa Kamera alikuwa ameenda kurekebishwa vipodozi. Taa hazipangwi kwa hewa; lazima asimame mtu. Mpiga picha akaangaza huku na huku, akamwona mwanamke mmoja amekaa kwenye kiti hana kazi.

"Mama, wewe na yule dada mko urefu mmoja. Njoo usimame hapa tafadhali, kwenye utepe mwekundu."

Mtunza vifaa alitazama dari.

"Unataka nisimame badala yake?" mke wa Pancha aliuliza.

"Dakika ishirini tu."

"Badala ya yule anayesimama badala yangu?"

Mpiga picha, ambaye alikuwa nje wakati wa mkasa wa begi, alifikiri kidogo. "Eeh, ndiyo."

Akainuka. Akaenda akasimama kwenye utepe mwekundu. "Hata hivyo nasubiri," alisema.

Pancha akasimama kwenye utepe wa kijani. Kati yao palikuwa na begi lililofunguliwa, na hatua moja na nusu.

"Msisogee," mpiga picha alisema. "Kuongea ruksa. Kusogea hapana."

Walikuwa hawajasimama wakitazamana hivyo kwa miaka. Nyumbani watu hawatazamani, wanapishana.

"Utakwenda wapi?" Pancha alinong'ona.

"Kwa dada yangu."

"Mpaka lini?"

"Tiketi umeisoma."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa kazini. Unajiigiza."

"Mama, kidevu juu kidogo," alisema mtu wa taa. Akainua kidevu.

"Ni vichekesho tu," Pancha alisema. "Kila mtu anajua ni vichekesho."

"Nani anajua? Inaitwa Pancha Mwenyewe. Nyumba ni hii. Makochi ni haya. Jirani akiona kochi hili analolikalia kila siku, ataona na mimi nakimbia. Ataamini kochi asiniamini mimi?"

"Nitawaeleza."

"Dada yako yuko uani hapo amekaa na majirani tangu asubuhi, anasikiliza jinsi nilivyomtelekeza mama yake. Umemweleza?"

Pancha alitaka kujikuna kichwa. "Mkono chini," mtu wa taa akasema.

"Hebu niambie kitu kimoja," mkewe aliendelea, kwa sauti ileile ya kuulizia chumvi. "Lini ulianza kusema ulimuuguza wewe?"

Pancha akafikiri. Safari hii alifikiri kweli.

"Kwenye redio. Mtangazaji aliniuliza nani alimhudumia mama, nikasema mke wangu. Akasema sikusikia vizuri, nikasema sisi. Halafu kipindi kilichofuata nikasema mimi. Ilikuwa fupi zaidi."

"Fupi."

"Na watu walipiga makofi. Waliosikia sisi hawakupiga makofi."

Mkewe alitikisa kichwa polepole. "Mama, tulia," mtu wa taa akasema. Akatulia.

"Nimechoka, mama watoto," Pancha alisema. "Wallahi nimechoka. Nikiamka asubuhi namtafuta Pancha nimvae kama koti."

"Mimi nilichoka mwaka wa pili. Miaka minne iliyobaki nilikuwa nakwenda tu."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia wapi? Simu ukipokea unaanza kuchekesha."

Hilo lilikuwa kweli, na Pancha alijua ni kweli, na hakuwa na pa kwenda kwa sababu ya utepe.

"Sikiliza," mkewe alisema. "Mimi sigombani nawe. Nguvu hizo sina. Filamu inasema nilikimbia. Basi ngoja nikimbie, filamu yako isiwe ya uongo. Siku ikitoka, jirani akiuliza, nitakuwa sipo kweli. Utakuwa umesema ukweli mara moja."

"Safi!" mpiga picha akapiga makofi. "Taa ziko sawa. Mama asante sana, unasimama vizuri kuliko mwenyewe."

Saa nane na dakika ishirini, upande wa pili wa onyesho.

Mke wa Kamera alirudi kwenye utepe mwekundu, ananukia poda. Mke wa kweli akarudi mlangoni mwa jikoni. Daftari akatazama picha zake, akasogeza kandambili kwa ncha ya kidole. Ile ya kushoto ilikuwa imeonekana chini ya meza, akaiacha hukohuko.

"Pancha," mwongozaji alisema, "kunja nguo kama ulivyokunja. Halafu neno lako la sufuria. Haya, anza!"

"Mama ni wako! Hakunizaa mimi!" Mke wa Kamera alifoka.

Pancha aliokota gauni la bluu. Akalikunja. Akafungua kinywa.

"Huyu hakukimbia," alisema.

Mke wa Kamera akapepesa macho. Neno hilo halikuwamo.

"Mke wangu hakukimbia. Aliyekimbia ni mimi. Miaka sita nilikuwa nakimbia, nasema nina kazi. Mama yangu alioshwa na mtoto wa watu. Mimi nilikuwa nikija namsalimia mlangoni kwa sababu sikutaka kusikia ile harufu. Mama yangu mwenyewe. Nilisimama mlangoni."

Hakulia. Akabaki tu ameshika gauni.

Mtunza vifaa aligeuka akatazama ukuta. Mke wa Kamera, mwigizaji mzuri kweli, machozi yalimtoka bila kuambiwa.

"Kata," mwongozaji alisema polepole.

Pancha akamgeukia. Alitegemea kufukuzwa. Nadhani alikuwa anatamani kufukuzwa, ili yaishe.

"Hii ndiyo filamu," mwongozaji alisema, anafuta macho. "Hii ndiyo filamu yangu. Rudia."

"Nirudie?"

"Maneno hayohayo. Kamera ije karibu."

Kamera ya karibu ikawa ya mbali. Ya mbali ikawa ya kupigia begani. Kisha lori la taka likapita barabarani, kipaza sauti kikalinasa, ikabidi warudi mwanzo. Jumla, msomaji, Pancha aliungama mara sita.

Mara ya pili alisema kama alivyosema ya kwanza, ila haraka zaidi. Ya tatu alisahau mlango, Daftari akamkumbusha. "Ulisema 'mlangoni' mara mbili," alimsomea. "Ya pili ulishusha sauti."

Mara ya nne alijikuna kichwa kwa ule mkuno wake wa kwenye mabango ya maonyesho, watu wakacheka kwa huruma, na Pancha alipata joto kifuani. Nasema kweli kabisa. Alifurahi. Mwili wa mchekeshaji haujui kwamba kuna msiba.

Ya tano aliuacha mkuno palepale, akauongezea na pumzi.

Ya sita ilikuwa nzuri mno. Alitulia panapotakiwa, akameza mate panapotakiwa, chozi likadondoka kwenye gauni likaacha alama ya duara. Kikosi kizima kilipiga makofi. Mwongozaji alimkumbatia. Mlangoni mwa jikoni mwanamke mmoja hakupiga makofi. Alikuwa anahesabu kwa vidole, na alikuwa amefika kidole cha kwanza cha mkono wa pili.

"Begi limemaliza kazi," Daftari alitangaza. "Mama, unaweza kuchukua."

Saa tisa na robo. Mke wa Pancha alipiga magoti, akalikunjua lile gauni lililokunjwa vibaya mara sita, akalikunja upya. Akatia dawa. Akainama akavuta kandambili chini ya meza.

Pancha alimsogelea, bado anapumua kama mtu aliyetoka jukwaani.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia mara sita."

"Sasa je?"

"Ya kwanza nilikuamini."

Makofi yalikuwa bado masikioni mwa Pancha.

"Na ya sita?"

"Ya sita ulilia kabla ya neno kufika." Akafunga zipu. Ilikwama, akaivuta tena. "Umefanya vizuri. Sikutanii. Ila hawa wote wako kazini, baba watoto. Kukusikiliza ni kazi yao. Wakitoka hapa watakwenda kusikiliza mtu mwingine."

"Unataka nifanye nini?"

"Mimi? Mimi nataka kuwahi basi."

Akaliinua begi. Na hapo Pancha, ambaye maisha yake yote alianguka kwa mahesabu, alifanya jambo bila hesabu. Alitoka mbio akafungua mlango wa uani.

Uani walikuwa wamewekewa viti vya plastiki. Majirani kama kumi na watano, wamekuja kutazama filamu inavyotengenezwa, na siku nzima walikuwa hawajaona kitu isipokuwa nyaya. Mbele kabisa alikaa dada mkubwa wa Pancha, miwani imeshuka puani, mkoba umepakatwa.

Kumwona Pancha tu, wakaanza kutabasamu.

"Ndugu zangu," Pancha alisema. "Nina neno."

Wakacheka. Hajasema kitu, lakini ndivyo anavyoanza maonyesho yake yote.

"Yale mnayosikia humu ndani ni uongo. Mke wangu hakumkimbia mama. Aliyekimbia ni mimi."

Kicheko kikapanda. Mzee wa nyumba ya tatu alipiga paja. "Huyu bwana!" alisema. "Hata mkewe anamtetea kwa vichekesho!"

"Sifanyi vichekesho!"

Hapo ndipo walipovunjika mbavu. Mama mmoja alishika tumbo, akaomba asaidiwe.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga wamesema, lakini hawakusema mwongo akifika mwisho wake anageuka vipi akarudi. Pancha alisimama pale na ukweli wake wote, na kila alivyoutoa walizidi kucheka. Alirudia. Alipaza sauti. Akapiga kifua. Akaelekea kulia, na kilio chake nacho wanakijua, wamekiona kwenye sinema nane. Nyuma yake alisikia viatu vya safari vikifika kizingitini.

"Nyamazeni," dada mkubwa alisema.

Hakupaza sauti. Ni mwalimu mstaafu, hana haja. Kicheko kilikatika kwa vipande vipande mpaka akabaki mzee wa nyumba ya tatu peke yake, naye akanyamaza.

Dada mkubwa alivua miwani. "Huyu hachezi," alisema. "Namjua tangu anatambaa. Akicheza, anaangalia watu. Sasa hivi anaangalia chini."

Akasimama.

"Mdogo wangu, umesema hukumuuguza mama."

"Sikumuuguza, dada."

"Miaka sita yote?"

"Yote. Alimuuguza wifi yako."

"Na ile siku ya mwisho? Alfajiri ile?"

Pancha alijua anakopelekwa. Akajaribu kurudi nyuma, mlango ukamgusa mgongo.

"Sikuwepo, dada. Nilifika saa tatu. Alikuwa ameshafunikwa."

Dada mkubwa alitikisa kichwa kidogo, kama anayesahihisha daftari la mwanafunzi na amekuta kosa asilolitegemea kwa mwanafunzi huyo.

Yeye na mama yake walikuwa hawasemezani. Miaka tisa. Walikosana, siku zikapita, kila mmoja akamsubiri mwenzake, na mama akafa akisubiri. Kilichomwezesha dada huyu kuzika, kula, kulala, ni maneno aliyoletewa na mdogo wake siku ya msiba. Kwamba mama alimshika mkono Pancha, akamwambia, "Mwambie mkubwa wangu sina kinyongo naye." Maneno hayo aliyaandika kwenye karatasi. Karatasi iko ndani ya mkoba aliokuwa ameupakata.

"Kama hukuwepo," aliuliza, na sasa sauti ya ualimu ilikuwa imemwacha, "yale maneno uliyoniletea uliyasikia wapi?"

Pancha alijipangusa uso kwa kiganja.

"Dada, ulikuwa unalia sana," alisema. "Nilitaka unyamaze."

Waliokuwa wamekuja kucheka waliangalia miguu yao, na ndani ya nyumba mwongozaji, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, hakuomba mtu yeyote arudie kitu.

Dada mkubwa alimpita mdogo wake kama anavyopitwa mtu asiyekuwepo. Akaenda mpaka kizingitini, kwa mwanamke mwenye begi la kahawia. Hawa wawili hawakuwa wamepeana mkono tangu matanga. Mmoja aliamini mwenzake alimtelekeza mama. Mwenzake alijua anaaminiwa hivyo, akanyamaza.

"Wifi," alisema. "Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Alikuwa na akili zake?"

"Zote."

"Alisema kitu juu yangu?"

Saa kumi kasorobo. Kituo cha basi ni mwendo wa dakika kumi, na mke wa Pancha alikuwa na tiketi, na viatu, na kila sababu. Alimtazama mumewe aliyebaki amegandamana na mlango. Akamtazama yule mama wa makamo mbele yake, aliyekuwa ameukumbatia mkoba kwa mikono yote miwili.

Aliweka begi chini.

"Wifi," alisema, "kaa kwanza."